Siku Niliyowaitia Watu Meli Isiyokuwepo

Sipendi kuisimulia hii habari, na leo naisimulia kwa sababu moja tu: nimechoka kusimuliwa. Mbinga nzima inaijua, kila mtu na lake la kuongeza, wapo hadi wanaosema nilikuwa nimelewa (mimi, ambaye hata siku ya kipaimara changu nilikunywa soda), wapo wanaosema nilitumwa na ukoo wetu kwenda kuwadhihaki watu wa ziwani, na juzi kuna mama mmoja dukani akanisimulia mkasa wangu mimi mwenyewe, bila kunitambua, na anakosea, nikabaki nimeshika chumvi yangu namwangalia. Aibu niliipata, sikatai, niliipata ya kunitosha mimi na watoto nitakaowazaa. Lakini haki yangu nayo isemwe.

Mimi ni prodyuza. Najua mkisikia prodyuza mnamfikiria kaka mmoja wa mjini mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, lakini mimi ni Skolastika, Skola tu, nina kijistudio changu nyuma ya duka la pembejeo, narekodi kwaya, narekodi vijana wa singeli, narekodi hata matangazo ya mnada. Ndani mna laptopu, magodoro ukutani ya kuzuia mwangwi, na kibodi ndogo ya kuchomeka kwa waya ambayo yenyewe haina sauti hata moja. Sauti zote zimo ndani ya laptopu, kwenye zile programu zinazoitwa sinthesaiza, ambazo mimi naziita vinanda kwa sababu ndivyo zilivyo: unabonyeza huku, kinanda kinalia kule ndani, na wewe unachagua kilie vipi, kama filimbi, kama besi, kama tarumbeta, au kama kitu ambacho Mungu hajakiumba bado.

Nilikuwa na kinanda kimoja kidogo cha bure, nimekizoea miaka, najua kila kitufe chake kinafanya nini, nyimbo zote mlizowahi kusikia kutoka kwangu zimetoka humo. Halafu nikamwona kijana mmoja mtandaoni anasifia kinanda kipya, kikubwa, kina masauti yaliyotengenezwa tayari hadi unachoka kushuka nayo, na mimi kama mjinga nikatumia bando langu lote kukishusha. Kukinunua sikuweza, nikachukua toleo la majaribio. Toleo la majaribio lina mambo yake: halikubali kuhifadhi sauti uliyoitengeneza, na kila baada ya muda kidogo linakohoa, "shhhhh," kukukumbusha kwamba wewe ni mpita njia. Lishikeni hilo kohozi, tutalirudia.

Sasa, mdogo wangu Fidelis ana Kanta, lori dogo, anabeba mizigo kati ya Mbinga na vijiji vya ufukweni, na huko ndiko alikompata Edina. (Kijiji sikitaji. Wenyewe wanajijua.) Edina hana neno, anacheka na kila mtu. Kazi ilikuwa kwa mama yake. Mama Edina ni mjane, mfanyabiashara wa usipa, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, na alikuwa na magunia yake ya usipa mkavu yamepangwa karibu na maji, yamefunikwa turubai, yakisubiri meli ya kwenda Kyela kwa mteja wake wa siku nyingi. Meli ilikuwa haijapita muda mrefu, mara matengenezo, mara hivi, mara vile, na mvua zilikuwa zinazidi, na usipa ukishanyeshewa ndiyo basi tena. Fidelis akajitolea kuyapandisha magunia Mbinga kwa Kanta yake. Mama akakataa katakata. Akasema mwanawe haendi milimani mikono mitupu, vyombo vyake vya ndani atavinunua mama yake kwa usipa wake, na usipa huo haubebwi na mkwe, maana watu watasema alimtoa binti kwa nauli ya lori. "Mzigo wangu ukiondoka, na Edina ataondoka," akasema, na Fidelis akarudi nyumbani ameishiwa maneno, akala chakula cha jioni amesimama.

Kwa hiyo mjue tangu mwanzo kwamba ndoa ya mdogo wangu ilikuwa inasubiri meli. Mimi hilo nililijua. Nililokuwa silijui, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kunieleza, ni jinsi meli hiyo inavyoita.

Sendofu yenyewe, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, mama aliikubali, kwa sababu ilikuwa imeshapangwa na Kwaresima ilikuwa mlangoni, ila tarehe ya harusi ndiyo alikuwa ameikalia. Upande wetu tukaahidi kuleta muziki kama zawadi. Tukashuka siku ile asubuhi, ndugu kwenye Kosta, spika za kukodi kwenye Kanta, na mimi nimepakata laptopu kwenye zile kona zote za mlima. Ukumbi ulikuwa wa kanisa lao la Kianglikana, mzuri, madirisha makubwa, na mlango unatazama ziwa lote. Spika tukaziweka pale mlangoni zikitazama nje, kama ilivyo desturi yetu, kwamba aliyealikwa asikie na asiyealikwa aumie.

Nikajaribu wimbo wa kumwingiza bibi harusi kwa kile kinanda changu cha siku zote. Nyuzi laini, polepole, kitu cha heshima. Shangazi Astelia, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa msafara wetu, akanisogelea na pochi yake kwapani akasikiliza, kichwa upande.

"Skola, hii ndiyo nini? Anaingia bibi harusi au analetwa mgonjwa?"

Fidelis naye, badala ya kunitetea, akadakia. "Dada, weka kitu kizito. Mama mkwe ajue tumekuja."

Hapo ndipo ilipoanzia. Si ulevi, si dharau, ni hayo maneno mawili ya ndugu zangu wa damu, ambao baadaye kila mmoja alijifanya hajui kitu. Nikasema sawa, mnataka kizito, nikafungua kile kinanda kipya cha majaribio. Wakati huohuo mzee wa kanisa akaja kutuomba kwa upole tunyamaze kidogo, padri ana sala na wafiwa kanisani jirani. Basi nikavaa hedifoni. Hedifoni zangu ni za kawaida, upande wa kushoto unasikika ukijisikia, na besi ya chini kabisa hazina habari nayo. Nikashuka na ile orodha ya masauti, hii inalia kama inzi, hii kama kengele ya shule, hadi nikafika kwenye moja imeandikwa kwa Kiingereza kitu kama "Lango la Kifalme". Tarumbeta nzito, nyingi kwa pamoja. Nikaishusha oktavu moja, nikaona bado, nikaishusha nyingine, nikazisugua noti mbili zilizokaribiana ili itetemeke, nikatunga mwito: mrefu, mrefu, na wa tatu mrefu zaidi. Kwenye hedifoni ilikuwa tamu, inaingia taratibu na kutoka taratibu. Nikasema leo Edina ataingia kama malkia.

Lango la Kifalme, jamani. Hao waliokitengeneza hicho kinanda, huko waliko, si wangeandika tu Honi ya Meli ya Ziwa Nyasa tukaelewana? Mimi nimezaliwa kwenye kahawa. Ziwani nilikuwa nimeshuka mara chache, kula samaki na kurudi, na katika mara zote hizo meli haikuwahi kunikuta. Ningejuaje mimi kwamba pale kijijini hakuna gati, kwamba meli husimama mbali kwenye kina, ikapiga honi, na watu wakakimbia na mizigo yao kwenye mitumbwi kuifuata, kwa sababu isipoona mtumbwi umetoka inaendelea na safari yake bila kumsubiri mtu? Ningejuaje kwamba tangu juzi yake walikuwa wameambiwa inaweza ikapita siku hiyohiyo?

Mchana ukumbi ukajaa. Wenyeji upande wa kulia, sisi wa milimani upande wa kushoto tumekaa wima kama watu wanaopigwa picha. Emsii alikuwa baba mdogo wa Edina, mwanaume mnene mwenye suti ya bluu na sauti nzuri, Baba Yona. (Kwamba Baba Yona huyohuyo ana mitumbwi yake ya kubebea abiria, hilo nalo hakuna aliyenidokeza.) Akatuchekesha, akatutambulisha, halafu akashusha sauti. "Ndugu zangu, wakati uliokuwa ukisubiriwa umefika. Naomba sote tujiandae kumpokea binti yetu."

Nikabonyeza.

Nawaambia ukweli, hata mimi nilishtuka. Ile sauti haikuwa ile ya kwenye hedifoni. Ilitoka chini kabisa, vikombe vikatetemeka mezani, ikapita mlangoni ikaenda hadi kwenye maji, ikagonga mlima, ikarudi. Mwito wa kwanza. Mama mmoja wa mstari wa mbele akaweka soda yake chini, akasimama, mkono kifuani. Nikajisemea, umeona, imemgusa. Mwito wa pili, wakasimama wote upande wa kulia, kwa mpigo mmoja, na mimi kwa ushamba wangu nikafurahi, nikaongeza sauti. Nikasema nimewapata. Mwito wa tatu ukaenda, ukaenda, na ulipokwisha kile kinanda kikakohoa kohozi lake la majaribio, "shhhhh," upepo mrefu kwenye spika zote mbili. Baadaye niliambiwa kwamba honi ya meli yao nayo huishia hivyohivyo.

Hapo wakanigeuzia mgongo, na ukumbi ukatoka. Sijui niwaambieje. Haukutoka watu, ulitoka ukumbi. Akina mama walivua viatu wakavishika mkononi, wanaume wengine walipitia dirishani, mtu mmoja alikimbia na kiti chake hadi nje ndipo akakumbuka kukiacha. Baba Yona alisema neno moja tu kwenye maiki, "Meli," kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake, akaiweka maiki mezani kwa adabu, akaondoka na suti yake ya bluu. Na Mama Edina, mama wa shughuli, mwenye kilemba kilichofungwa tangu alfajiri, alimpita mpambaji wake mlangoni akapiga kelele, "Magunia yangu."

Sasa fikirini upande wetu wa kushoto. Watu wa milimani, hawajui meli, hawajui honi, wameona wenyeji wote wamesikia mlio kutoka chini ya ardhi na wamekimbia. Shangazi Astelia akauliza, "Ni maji? Maji yanakuja?" na kabla hajajibiwa wajomba wawili walikuwa wameshashika njia, na ukoo wetu wote ukatoka kwa mlango wa nyuma ukapanda mlima. Wenyeji wanakimbilia ziwani, wakwe wanakimbilia juu. Shangazi aliacha kiatu kimoja ngazini na hadi leo anakidai kwangu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimebonyeza tena, kwa sababu mlango wa pembeni ulikuwa umefunguka na Edina alikuwa anaingia. Kazi ni kazi. Kaingia na wasichana wake wawili, gauni la kijani, uso umeinama kwa heshima, anapiga hatua za madaha kama alivyofundishwa, hadi katikati ya ukumbi akanyanyua macho na kuona viti vitupu pande zote mbili na mimi peke yangu nimeweka kidole kwenye kibodi.

"Wifi," akaniuliza, "watu wako wapi?"

Edina akasikiliza, ule mwito ulikuwa unamalizikia, akasema polepole, "Hiyo ni meli," nikamwambia hapana, ni mimi, akaniangalia, akaiangalia laptopu, akaketi kwenye kiti cha emsii akaanza kulia. Nikamfuata kumbembeleza, naye ananisukuma kwa mkono mmoja na kunishika kwa mwingine.

Walirudi. Walirudi polepole, na mtu anayerudi polepole ndiye wa kuogopwa. Baba Yona suruali imelowa hadi kiunoni kwa kusukuma mtumbwi, wengine wana matope, na Mama Edina kilemba kimelegea, maana alikuwa ameshayafunua magunia yake turubai na baadhi yameshapakiwa, na ziwani hakuna kitu, maji tu yametulia. Wachache walibaki kule chini wakisema meli ipo, iko nyuma ya ile rasi ya mawe, haiwezekani watu wote hawa wakasikia vibaya. Ndugu zangu nao wakaanza kushuka mmoja mmoja kutoka mlimani, wanajipangusa, wanajifanya walikwenda kutazama mandhari.

Mama Edina akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti. "Mwanangu, mmekuja nyumbani kwangu kunichezea?"

"Shikamoo mama," nikasema, sijui kwa nini, nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Nimekuuliza."

Nikaeleza. Nikaeleza kinanda, nikaeleza majaribio, nikaeleza hedifoni, na kadiri ninavyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, kwa sababu mtu aliyesukuma mtumbwi wake majini bure huwezi kumwambia habari ya oktavu. Baba Yona akasema sauti kama ile haiwezi kutoka kwenye kitu kidogo kama kile, lazima nilirekodi honi yenyewe makusudi nikaja nayo, na kama sivyo nithibitishe. "Tuonyeshe sasa hivi. Bonyeza tuone."

Mniambie, ninyi mngefanyaje? Nimetuhumiwa mbele ya ukoo mzima, mdogo wangu amekaa pembeni ameshika kichwa, ndoa yake inaondoka naiona, na mtu ananiambia thibitisha. Nikabonyeza. Na spika, jamani, spika zilikuwa bado zimefunguliwa hadi mwisho, zinatazama ziwa.

Ukumbini hawakusogea, walikuwa wananitazama kidole. Lakini kule chini ufukweni wale waliobaki waliisikia tena, mrefu, mrefu, mrefu zaidi, na kohozi lake, wakapiga vigelegele. Tukatoka mlangoni tukaiona mitumbwi inatoka, safari hii na mizigo, wanapiga kasia kwa nguvu zote kuelekea rasi, na Baba Yona akawa anakimbia ufukweni anapunga koti lake la bluu akiwaita warudi, nao wakadhani anawahimiza. Walikwenda hadi nyuma ya rasi. Waliporudi sikuwatazama nyusoni.

Laptopu ikafungwa. Nikaketishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na spika, mikono magotini, nisiguse kitu. Shughuli ikaendelea kwa sababu chakula kilikuwa tayari na watu wana njaa, akina mama wakaleta ngoma zao wakacheza kihoda, na Edina akaingizwa upya kwa nderemo za midomo tu, vizuri sana, bila msaada wangu. Fidelis alipita mbele yangu na sahani. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyesema kizito." Akaenda kulia sahani yake meza ya mbali.

Tulikuwa kwenye zawadi, Shangazi Astelia ana kiatu kimoja anasoma majina ya waliotoa vitenge, ndipo ikasikika. Kutoka ziwani. Mrefu, mrefu, na wa tatu.

Ukumbi wote ukanigeukia. Mimi nikanyanyua mikono juu, yote miwili, kama mwizi aliyekutwa dirishani. "Mikono yangu hii hapa," nikasema, "siyo mimi, nawaapia, meli hiyo." Baba Yona akachukua maiki. "Dada wa muziki," akasema, "tunakuomba kwa mara ya mwisho." Nikasema kimbieni, nawaambia kimbieni, magunia, nikalia kabisa, na kadiri ninavyolia ndivyo walivyokunja sura, na Mama Edina akanyanyuka mahali pake, akatembea hadi kwenye laptopu yangu iliyofungwa, akashika ule waya wa spika na kuung'oa.

Honi ikalia tena.

Mama Edina alisimama pale, waya unaning'inia mkononi, anautazama. Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika polepole hivyo. Halafu wakakimbia, na mimi nikakimbia nao, na wa milimani safari hii wakakimbilia upande sahihi, tukafika ufukweni sote na kuiona ile meli, nyeupe, kubwa, imeshageuza. Ilikuwa imeita, haikuona mtumbwi hata mmoja ukitoka, ikajua kijiji hiki leo hakina safari. Baba Yona aliingia na mtumbwi hadi mbali, akapunga, akaita. Tukabaki tunaitazama ikienda mpaka ikawa ndogo, na magunia ya Mama Edina yamesimama pale nyuma yetu, wazi, na mvua inakusanyika juu ya ziwa.

"Basi," akasema Mama Edina. Neno hilo moja tu. Fidelis akaketi juu ya mchanga na suti yake ya kuazima.

Aliyeokoa ni Shangazi Astelia, nampa hilo, ingawa namna alivyookoa sijamsamehe. Alichechemea hadi kwa Mama Edina, wakatoka kando wakaongea wenyewe kwa wenyewe, na waliporudi neno lilikuwa limekwishapita. Usipa haubebwi na mkwe, hilo linabaki palepale. Utabebwa na Skola. Skola ndiye aliyeufukuzia meli, Skola ataupandisha Mbinga, atauuza kwa mkono wake mwenyewe hadi gunia la mwisho, na kila kilichopatikana kitarudi kwa mama mkwe. Mimi hakuna aliyeniuliza. Nilirudi kwenye Kanta nyuma, chini ya turubai, laptopu katikati ya magunia, na hadi leo ukiiwasha ikipata joto inanukia usipa.

Nikauza. Mbele ya studio, kwenye meza niliyokuwa napangia spika, prodyuza mzima nina kopo la kupimia, wasanii wangu wanapita wanauliza, "Da Skola, leo tunarekodi au tunakaanga?" Bahati ikawa moja: Kwaresima ilikuwa imeingia, nyama watu wameiacha, na Wakatoliki wa Mbinga waliununua ule usipa hadi Pasaka haijafika umekwisha. Vyombo vikanunuliwa. Tarehe ikatolewa. Mnadhani kuna aliyesema asante Skola?

Harusi ilikuwa Mbinga, baada ya Pasaka. Nikaja na kinanda changu kidogo cha bure tu, nyuzi laini, safari hii Shangazi hakufungua mdomo. Kila kitu kilikwenda sawa, hadi karibu na mwisho, wakati wa kuwaaga wakwe, nikaona Mama Edina anakuja moja kwa moja kwenye meza yangu na kilemba kirefu kuliko kile cha kwanza. Nikaondoa vidole kwenye kibodi kabla hajafika.

"Ile kitu ipo?" akaniuliza.

"Kitu gani, mama?"

"Ile meli yako."

Nilidhani ananitega. Nikamwambia haipo, na kweli haikuwepo, muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, kile kinanda kikubwa kilikuwa hakifunguki tena, na hakikuwahi kukubali kuhifadhi kitu. Akatikisa kichwa. "Itafute," akasema. "Kwetu mtu akiondoka, meli hulia. Huyu mwanangu anaondoka hivihivi, kimya, kwa gari? Kama hajatoka kwa watu?"

Nilipandwa na hasira, nawaambia ukweli. Nilitaka kumwambia, mama, kwa sauti hiyohiyo nimeketishwa kwenye kiti cha plastiki, kwa sauti hiyohiyo nimenuka samaki Kwaresima nzima, leo unaiagiza kama soda? Lakini macho yake yalikuwa kwa Edina, aliyekuwa kule mbele anacheka na watu, na mdomo wake ulikuwa hautulii. Nikavuta kibodi. Nikachukua sauti kavu kabisa ya kile kinanda changu kidogo, nikaweka ya pili juu yake, nikaipotosha kidogo tu zigombane, nikashusha oktavu, nikafunga filta hadi ukali wote ukaisha, nikaipa mwanzo wa taratibu na mkia mrefu. Nikampa upande mmoja wa hedifoni, ule unaofanya kazi. Akafunga macho. "Chini zaidi," akasema. Nikashusha. "Na ule upepo wake wa mwisho." Nikatafuta mvumo kwenye kona ya kinanda, nikauunganisha, "shhhhh," kohozi nililolichukia kuliko yote, nalitengeneza kwa mkono wangu mwenyewe.

Halafu nikamwambia subiri kwanza mama, nikatoa hedifoni, nikaipiga kidogo kwenye spika kubwa, asikie yeye, asikie Baba Yona, asikie Shangazi. Baba Yona akaitikia kwa kichwa.

Edina na Fidelis walipofika mlangoni, nikabonyeza. Mrefu, mrefu, na wa tatu. Watu wa ziwani wakasimama wote, kama siku ile. Hakukimbia mtu. Akina mama wakafungua khanga zao mabegani wakaanza kupunga, polepole, juu juu, kama wanavyompungia mtu aliye mbali kwenye maji, na Edina akageuka mlangoni akawaona, akaacha kucheka. Mama Edina alikuwa amesimama karibu yangu anapunga na mkono haushuki, na nikaelewa kwamba hataushusha mpaka honi ikatike, basi nikashindwa kutoa kidole. Kidole kiliniuma. Nilikuwa nalia na nimekasirika, vyote pamoja, na sikukitoa mpaka gari lilipokata kona.

Nimeapa: sauti ngeni sipigi tena kwenye shughuli ya watu kabla wenyeji wa mahali hapo hawajaisikia kwenye spika kubwa na kuniambia kwao ina maana gani. Hata iwe imeandikwa Lango la Mbinguni. Ila samahani yangu bado naidai, kwa Baba Yona, kwa Fidelis, kwa huyo shangazi na kiatu chake, maana hadi leo haijatoka hata kwa mmoja wao. Wananiita Meli tu. Nikishuka ufukweni, akina mama wa usipa wakiniona kwa mbali wanafungua khanga zao wananipungia, na mimi, na hasira zangu zote, nasimama pale barabarani nawapungia.